Ubao wa Ujiji: Leta daftari lenye kosa lako

Ubao wangu umeegemea mwembe uani kwangu, hapa Ujiji. Ni ubao mweusi mdogo, futi nne kwa tatu, niliochongewa na fundi mwaka niliostaafu, kwa sababu nilishindwa kukaa jioni bila chaki mkononi. Nilifundisha fizikia na hisabati miaka 31. Siku hizi watoto wa jirani wa kidato cha tano na sita wanakuja na madaftari yao baada ya alasiri, na maswali yenu ya ukurasa huu nayajibu hapohapo: nayafanya ubaoni kwanza, ndipo nakaa kuandika.

Mwezi huu yamekuja maswali mengi kuliko nafasi. Mengi ni picha ya ukurasa wa kitabu na maneno mawili chini yake: "naomba jibu". Hayo nimeyaweka pembeni, na wenyewe nawaomba wasinikasirikie. Jibu tupu naweza kukupa kwa dakika tano, lakini sitajua ulikwama wapi, na kesho swali likibadilishwa namba utakwama palepale. Niliowajibu ni walioleta kazi yao, hata iliyokosewa. Iliyokosewa ndiyo ninayoipenda zaidi, maana kosa lina njia yake, na njia hiyo naweza kuifuata kurudi nyuma mpaka pale mtoto alipopinda.

KAMBA NA BOTI

Shikamoo mwalimu. Ninasoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) kidato cha tano, nipo Kasulu. Kitabu kinasema boti inavutwa kuelekea gatini kwa kamba. Mvutaji amesimama gatini, mikono yake iko mita 3 juu ya pale kamba ilipofungwa kwenye omo (ncha ya mbele ya boti). Anavuta kamba mita 0.4 kila sekunde. Kamba ikiwa imebaki mita 5, boti inakwenda kwa kasi gani? Mimi nimechora pembetatu, nikapata umbali wa chini ni mita 4, kosaini ya pembe ni 4/5. Kisha nikachukua sehemu ya ulalo: 0.4 × 4/5 = 0.32. Kitabu kinasema 0.5. Rafiki yangu anasema kitabu kimekosea. Naomba unisaidie.

Marahaba mwanangu. Kitabu hakijakosea. Lakini hiyo 0.32 yako imenisaidia kuliko kitabu, kwa sababu imenionyesha hasa ulichokifikiria. Umechukua mwendo wa kamba ukaufanya ndio mwendo mzima, kisha ukatafuta sehemu yake ya ulalo. Wanafunzi wangu wengi walipita njia hiyo, tena waliokuwa wazuri, kwa sababu kwenye kani (nguvu ya kuvuta au kusukuma) ndivyo tunavyofanya: kamba ikivuta kwa kani fulani, kani ya ulalo ni hiyo mara kosaini. Mazoea ya kani umeyahamishia kwenye mwendo, na huko hayafai.

Simama gatini utazame. Kinachosafiri ni nini? Ni boti. Inasafiri juu ya maji, mlalo, haipai wala haizami. Kwa hiyo mwendo wa boti ndio mzima, na kufupika kwa kamba ni sehemu tu ya mwendo huo, ile sehemu inayoelekea kwenye mikono ya mvutaji. Tuite kasi ya boti v. Basi v × 4/5 = 0.4, na v = 0.4 ÷ 0.8 = 0.5. Ulizidisha mahali pa kugawanya.

Sasa tuipate kwa kalkulasi, hesabu ya vitu vinavyobadilika, maana swali limo kwenye sura hiyo. Urefu wa kamba uite L, umbali wa boti hadi gatini x. Pitagorasi anakupa L² = x² + 9. Tazama ni nini kinachobadilika hapo: L inabadilika, x inabadilika, ila ile 3 haibadiliki, gati halipandi. Tafuta derivativu (kasi ya kubadilika) ya pande zote kwa muda: 2L(dL/dt) = 2x(dx/dt). Ndiyo sasa, baada ya hapo, unaweka namba. L ni 5, x ni 4, dL/dt ni −0.4 kwa sababu kamba inafupika. Unapata dx/dt = −0.5. Alama ya kutoa inasema umbali unapungua, yaani boti inakuja. Usiitupe alama hiyo. Ndiyo inayokuambia kwamba umeelewa picha.

Nimesisitiza "baada ya hapo" kwa sababu kosa jingine la swali hili ni kuweka 5 mahali pa L mapema mno. Ukiandika 25 = x² + 9 halafu utafute derivativu, 25 haibadiliki, inakuwa sifuri, na boti yako imeganda katikati ya maji. Ziache herufi zitembee kwanza, namba zije mwishoni.

Usiniamini mimi wala kitabu, chukua kikokotoo. Sehemu ya kumi ya sekunde ikipita, kamba imepungua mita 0.04, imebaki 4.96. Mraba wake ni 24.6016. Toa 9, inabaki 15.6016, kipeuo chake ni 3.9499. Boti ilikuwa mita 4, sasa ni 3.9499, imesogea 0.0501 kwa sekunde 0.1. Hiyo ni mita 0.501 kwa sekunde. Ile ziada ndogo inatokana na boti kuongeza kasi njiani. Jaribu na sekunde 0.01 uone ziada inavyozidi kufifia. Watoto wengi wanakariri maana ya kikomo, yaani namba inayokaribiwa zaidi na zaidi, kwa maneno na hawajawahi kukiona. Hapo umekiona kwa kikokotoo cha kawaida.

Na mimi niliwahi kukihisi mkononi kabla sijakijua. Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Alfajiri akirudi, karabai bado zinawaka, sisi watoto ndio tulioshika kamba pale ukutani. Mkono unavuta taratibu, uleule, lakini mtumbwi ukikaribia unakuja kwa pupa, na baba anapiga kelele, "Legezeni!" Hesabu ndiyo inasema hivyohivyo: kasi ya boti ni ya kamba mara L/x. Ikibaki mita 1 ya x, kamba ni kipeuo cha 10, yaani 3.16, na boti inakuja kwa mita 1.26 kila sekunde huku mkono wako bado ni 0.4. Mara tatu na zaidi! Ukiendelea, x ikielekea sifuri, fomula inadai kasi isiyo na mwisho, na hapo fomula imefika mpaka wake: kamba sasa inavuta juu badala ya mbele, omo inataka kuinuka, na hakuna mkono utakaoweza kuendelea na 0.4 ile.

Jambo la mwisho. Umefanya vizuri sana kuligeuza swali kwa Kiswahili kabla ya kuliandika. Ulipoandika "kila sekunde", kitabu kina neno la Kiingereza "rate", ambalo watoto wengi wanalijua kwenye kubadilisha fedha tu, na wakiliona wanatafuta bei. Mtihani utaujibu kwa Kiingereza, sawa, lakini picha ichore kwa lugha unayoiota.

PENDULAMU ILIYOKATAA 9.8

Mwalimu, shikamoo. Nipo Tabora, kidato cha sita. Kwenye maabara tumefanya pendulamu kutafuta g, yaani jinsi kasi ya kitu kinachoanguka inavyoongezeka kila sekunde. Uzi wa mita 1.00, mibembeo 20 imechukua sekunde 38.1. Uzi wa mita 0.50, mibembeo 20 imechukua sekunde 27.0. Nimechora grafu ya T² (mraba wa muda wa mbembeo mmoja) na urefu, mstari umenyooka vizuri na unapita kwenye sifuri, lakini g imetoka 10.9. Nimerudia mara mbili. Wenzangu wamerekebisha namba zao ili itoke 9.8. Na mimi nirekebishe?

Marahaba. Usirekebishe chochote. Nimekaa na namba zako jioni nzima na zimeniambia hadithi nzuri, ambayo ungeifuta isingesimuliwa.

Anza na hili: g yako imezidi, na imezidi kwa kiasi kilekile kwenye nyuzi zote mbili. Mstari umenyooka. Kwa hiyo mkono wako hautetemeki na stopwochi haina wazimu. Kosa lako ni la utaratibu, linajirudia kila mara kwa uwiano uleule. Je, ulipima urefu vibaya? Wengi husahau kupima mpaka katikati ya ile tufe ya chuma, lakini ukisahau hivyo urefu unapungua, na g inapungua. Yako imezidi. Basi tazama muda. Pendulamu ya mita moja inatakiwa kwenda na kurudi kwa karibu sekunde 2.0. Wewe, 38.1 ukigawa kwa 20, una 1.905. Pungufu ni kama sehemu moja ya ishirini. Na ishirini ni idadi uliyohesabu!

Gawa sasa 38.1 kwa 19. Unapata 2.005. Mraba wake ni 4.021. Fomula ni g = 4π² × urefu ÷ T²; urefu ni 1, basi 4π² ambayo ni 39.48 ukiigawa kwa hiyo, g ni 9.82. Jaribu na uzi wa pili: 27.0 kwa 19 ni 1.421, mraba 2.019, na g ni 9.78. Nyuzi zote mbili zimekaa sawa.

Kilichotokea, mwanangu, naweza kukiona kana kwamba nilikuwa humo maabara: ulipoachia pendulamu na kubonyeza stopwochi, ulisema "moja". Palepale. Lakini wakati ule hakuna mbembeo hata mmoja uliokwisha. Ulipofika "ishirini" ilikuwa imekwenda na kurudi mara 19. Siku nyingine hesabu kwa kushuka: "tatu, mbili, moja, sifuri", na kwenye "sifuri" ndipo ubonyeze. Na usibonyeze ikiwa juu pembeni, kule inasita na huwezi kujua hasa imefika lini. Weka alama ya chaki chini katikati, ubonyeze inapopita hapo, maana ndipo inapokwenda kwa kasi zaidi na kupita kwake ni kwa ghafla.

Rudia jaribio na uandike namba mpya utakazopata. Daftari la kwanza liache kama lilivyo, ukiandika pembeni kwa nini ulilirudia. Na ukipata 9.7 au 9.9, iandike hiyo. Hapa kwetu, karibu na ikweta na juu ya usawa wa bahari, g yenyewe ni kama 9.78, ile 9.8 ya kitabu ni ya kukadiria. Wenzako waliofuta wamepata alama za siku moja na hawajui mpaka leo walikosea wapi. Hilo linaniuma, nakuambia ukweli, kwa sababu nimeona vijana wakifundishwa hivyo na wakubwa wao: kwamba maabara ni mahali pa kufika kwenye namba iliyokwisha kujulikana.

HIYO "C" YA NINI?

Mwalimu, kwenye intigresheni (kurudi nyuma kutoka derivativu) tukisahau kuweka + C tunakatwa alama, lakini hatujaelezwa ni ya nini. (Kidato cha tano, Kaliua)

Wewe uko kando ya reli, kwa hiyo nitakuelezea kwa treni. Nikikwambia treni ya Kigoma imetembea km 40 kwa saa, bila kubadilika, kwa saa 3, utaniambia imekwenda km 120. Vizuri. Iko wapi? Huwezi kujibu, mpaka nikuambie ilikuwa wapi saa ulipoanza kuhesabu: Tabora, Urambo, au hapo kwenu. Kasi ya treni iliyoanzia Tabora na ya iliyoanzia Urambo ni ileile, na anayekupa kasi peke yake amekuficha kituo. C ndicho kituo cha kuanzia. Unaandika x = 40t + C, kisha unasoma swali kutafuta mahali lilipokutajia kituo, mara nyingi kwa maneno kama "wakati t = 0, x = 15". Ukiulizwa tu treni imesogea kiasi gani kati ya saa ya kwanza na ya tatu, C inajikata yenyewe, na ndiyo maana intigresheni yenye mipaka miwili haiidai.

KIKOKOTOO KINASEMA 0.01745

Shikamoo madam. Nasoma PCB (fizikia, kemia na biolojia) na BAM (hisabati ya msingi), Kibondo. Tumeambiwa derivativu ya saini ya x ni kosaini ya x, kwa hiyo x ikiwa sifuri mteremko ni 1. Nimejaribu kwa kikokotoo, saini ya 0.01 gawa kwa 0.01, nimepata 0.01745. Nimekosea wapi?

Marahaba binti. Kikokotoo chako kimesimama kwenye digrii. Ile 0.01745 ni π gawa kwa 180, ni bei ya kubadilisha digrii moja kuwa radiani. Badilisha kiende R, ujaribu tena, utapata 0.99998.

Lakini uliza kwa nini radiani ndizo zinazopendelewa. Chora duara la nusukipenyo 1. Pembe kwa radiani ni urefu wa lile tao lenyewe, kipande cha duara kinachokabili pembe, ukilipima kwa uzi. Saini ni urefu wa mstari wima kutoka ncha ya tao hadi chini. Fanya pembe iwe ndogo sana: tao na mstari vinakaribia kuwa kitu kimoja, na uwiano wao unakuwa 1. Digrii hazina uhusiano huo na duara; 360 ni namba waliyoichagua watu wa kale. Kwa hiyo kila penye kalkulasi, na kila penye mtetemo wenye saini ya ωt (ω ni kasi ya mzunguko, t ni muda), tumia radiani. Ukirudi kwenye mteremko wa digrii 30 na gunia linaloteleza, rudisha kikokotoo kwenye D. Nimeona mtihani mzima wa mtoto mwenye akili ukiharibika kwa kitufe hicho kimoja. Kabla hujaanza karatasi yoyote, bonyeza saini ya 30. Ikija 0.5, uko kwenye digrii.

JIWE LILILOSIMAMA JUU

Jiwe likirushwa juu na kufika kileleni limesimama, velositi ni sifuri. Kwa nini mchapuko (kasi ya kubadilika kwa velositi) usiwe sifuri pia? (Uvinza)

Ukiwa sifuri na wenyewe, jiwe litabaki likining'inia hapo mpaka kesho. Sekunde 0.1 kabla ya kilele lilikuwa linapanda kwa mita 0.98 kwa sekunde, sekunde 0.1 baadaye linashuka kwa 0.98. Limebadilika kwa 1.96 ndani ya sekunde 0.2. Gawa, unapata 9.8 ileile. Sifuri ni mahali velositi inapopita, kama treni inavyopita kwenye alama ya maili bila kusimama.

MAMA NA SIMU YA MWANAWE

Habari za kazi mwalimu. Mimi nauza mawese hapa Mwanga. Mwanangu yuko kidato cha tano, PCM. Mimi niliishia la saba. Kazi za shule anapiga picha, simu inamwandikia majibu yote na hatua zake, daftari lote lina vema. Mtihani wa muhula fizikia amepata S, alama iliyo juu ya kufeli tu. Nimnyang'anye simu? Au nimtafutie tuisheni? Hela ya tuisheni ni shida, lakini nitajikaza.

Nzuri dada yangu, na hongera kwa kumfikisha hapo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Usimnyang'anye simu, na hela ya tuisheni usiitoe bado. Kwanza fanya jambo ambalo halihitaji ujue fizikia.

Jioni, ukiwa unapima mawese kwenye chupa, mwite akae karibu. Mwambie achukue swali moja tu kati ya yale yenye vema, afunge simu, akueleze kwa Kiswahili: swali linahusu kitu gani, kinafanya nini, tumeambiwa nini, tunatafuta nini. Hesabu asikueleze. Akiweza kukuchorea picha ukaielewa wewe, ameelewa. Akianza kusema "hapa unaweka tu fomula", mshike hapohapo umuulize, "Kwa nini hiyo na si nyingine?" Akinyamaza mtakuwa mmepajua panapouma, na yeye atapajua kabla yako. Usimgombeze. Wamama wa wanafunzi wangu waliofanya hivi walikuwa wachache, na watoto wao niliwatambua darasani bila kuambiwa.

Simu yenyewe aitumie hivi. Swali alifanye kwenye karatasi dakika 20, hata akiharibu. Akikwama kabisa, afungue jibu, afunike kwa kiganja chote isipokuwa mstari wa kwanza. Asome huo, afunge, aendelee mwenyewe. Siku ya pili alifanye swali lilelile bila simu. Hatua zilizoandikwa na mwingine zinasomeka laini kama maji, mtoto anadhani amezijua kwa sababu hazikumkwaza. Ndiyo maana daftari lina vema na mtihani una S. Na mwambie programu hizo nazo hukosea, hasa kwenye mchoro na alama za kutoa, kwa hiyo asiandike jibu asiloweza kulitetea.

Vitabu vya bure vipo. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba yake mtandaoni yenye vitabu vya kiada. OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, inatoa vitabu vizima vya fizikia na kalkulasi bila malipo. Ni vya Kiingereza na vimeandikwa kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, ila sura za mwanzo za mwendo, kani na derivativu zinamfaa. Apakue mara moja palipo na mtandao mzuri, asome nyumbani bila bando. Na PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ina majaribio ya kuchezea kwenye skrini, pendulamu ikiwamo: anavuta uzi, anabadilisha urefu, anaona muda unavyobadilika.

Haya yote yakifanyika mwezi mzima na bado hali ni ile, ndipo utafute tuisheni. Hapo tafuta mwalimu atakayemwachia mwanao chaki. Ukipita dirishani ukamkuta mwalimu ndiye anayeandika muda wote na watoto wananakili, hela yako ibaki kwenye mawese.

WANANICHEKA

Mwalimu, mimi ni msichana, tupo wasichana wanne kwenye darasa la PCM la watu wengi. Nikiuliza swali wavulana wanacheka, na mara moja mwalimu naye alicheka. Sasa sijawahi kuuliza tena tangu mwezi wa pili. Nina swali kuhusu mvutano wa kamba inayopita kwenye kapi lakini naogopa hata wewe utacheka. Nifanyeje?

Binti yangu, sitacheka. Nilikuwa peke yangu darasani nilipokuwa na umri wako, na najua swali linavyogeuka jiwe tumboni likikaa miezi.

Unamjua Erasto Mpemba? Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, mkoani Tanga. Walikuwa wakitengeneza aiskrimu, nafasi kwenye friji ikawa inakwisha, akaweka maziwa yake yangali moto bila kusubiri yapoe. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake aliyeyaweka bila kuyachemsha. Akauliza kwa nini, akaambiwa amechanganyikiwa. Akabaki na swali lake miaka. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia. Mpemba akauliza tena, mbele ya wenzake, nao wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, na jambo hilo duniani kote linaitwa kwa jina la Mpemba. Wanasayansi hata leo wanabishana chanzo chake, na wapo wanaobisha kama hutokea kweli. Swali la mvulana aliyechekwa limewachosha maprofesa zaidi ya miaka 50.

Unalotakiwa kufanya wiki hii ni dogo. Swali lako liandike kwenye karatasi, pamoja na mchoro wa kapi, na kila kani uipe mshale. Kamba ile moja ikipita kwenye kapi laini lisilo na uzito, mvutano wake ni uleule pande zote mbili, anzia hapo. Mpelekee mwalimu karatasi hiyo baada ya kipindi, mezani kwake, mkiwa wewe na mmoja wa wale wasichana watatu. Mwalimu aliyecheka darasani mara nyingi hucheka kwa sababu darasa limecheka. Mezani, akiona mishale yako, atakuwa mtu mwingine. Asipokuwa, wale watatu wapo. Kaeni wanne, kila siku mmoja ashike chaki.

Ila barua yako ina upungufu mmoja. Umenieleza darasa, umenieleza wavulana, umenieleza mwezi wa pili, lakini swali lenyewe la kapi hukuliandika. Nimekuachia kona ya kushoto ya ubao wazi. Lilete, na mpaka pale ulipofika.